Watu wa Laini ya Pap Onditi

Hakuna mtu wa laini ya Pap Onditi aliyewahi kukubali kwamba anasikiliza simu za wenzake. Hata mmoja! Ungewaapisha kwa Biblia, ungewaapisha kwa Kurani, wangekutazama machoni wakuambie mkonga wa simu wanaugusa tu kengele yao inapolia. Waongo wakubwa. Laini ilikuwa moja, ikitoka Kisumu, ikikata uwanda wa Kano, ikivuka mto Nyando na kupanda hadi Nyakach, na simu nne zilikuwa zimefungwa kwenye waya huohuo. Duka la Mbarak lilikuwa na mlio mmoja mrefu. Zahanati, mlio mrefu na mfupi. Shule ya Mwalimu Enos, mifupi miwili. Mashine ya kusaga unga ya Mama Anyango, mifupi mitatu. Lakini kengele zote zililia pamoja, na yeyote aliyeinua mkonga aliyasikia ya wote. Sasa niambie wewe, mtu asikie jirani yake anapigiwa simu kutoka mjini, akae tu na kuendelea kumenya viazi?

Aliyewajua vizuri ni Nekoye, opereta wa Kisumu. Mwaka huo wa sabini na mbili alikuwa na miaka sita kwenye kiti kilekile ndani ya jengo la Posta, mbele ya ubao wenye matundu na vifuniko vidogo vya shaba. Mtu akizungusha mkono wa simu yake huko aliko, kifuniko chake kinaanguka, Nekoye anachomeka plagi, anasema, "Kisumu, namba tafadhali." Kutwa nzima ndiyo hiyo. Na kwa miaka hiyo sita masikio yake yalikuwa yamejifunza mambo ambayo hakufundishwa na mtu. Akichomeka laini ya Pap Onditi alijua papo hapo nani ameinua mkonga, kwa sababu kila mmoja alikuja na kelele zake. Alijua pia kwamba kila mkonga unaoinuliwa unakula sauti. Wakisikiliza wawili, unapaza sauti kidogo. Wakisikiliza wote, unabaki na sauti ya mbu.

Hayo yote yalikuwa yanaelekea mwisho, au ndivyo walivyoambiwa. Chumba cha pili kilikuwa kimejaa makasha ya mtambo mpya, wa kujipigia mwenyewe. Watu wa mjini wangepewa simu zenye duara la namba, wachomeke kidole, wazungushe, na mwenzao wa Nairobi apokee bila kumsumbua opereta. Bwana Khaemba, msimamizi wao, aliyapitia makasha yale kila asubuhi na kuyapangusa vumbi kwa leso yake. "Hii mashine haina umbeya," alikuwa akisema. "Haina mume, haina mtoto, haina kuumwa kichwa." Yeye mwenyewe alikuwa Mbukusu kama Nekoye, mtu wa kanisa, mnyoofu, na sheria za kazi alizijua kuliko Zaburi. Sheria ya kwanza kwake: opereta akiwa kwenye laini hana jina na hana mambo ya kwao. Anasema namba, anasema tafadhali, anasema asante. Akizidisha hapo, anatafuta kazi ya kuuza mitumba sokoni Kibuye.

Basi mvua ndefu ikaja, ikaja vibaya. Nyando ukavunja kingo zake, Kano yote ikawa maji, na Jumatatu asubuhi laini ya Pap Onditi ikakatika mahali inapovuka mto. Simu ya Mbarak, iliyo upande wa huku, iliendelea kufanya kazi. Zile tatu za ng'ambo zikanyamaza. Mafundi wote walikuwa wametawanyika, maana nguzo zilikuwa zimelala kila upande, kwa hiyo akatumwa mmoja peke yake na baiskeli, ngazi na roli la waya. Fundi huyo aliitwa Wabwire, na alikuwa mume wa Nekoye.

Walikuwa wameagana vibaya, tena kwa jambo la kipuuzi. Wabwire alitaka kuondoka bila uji, Nekoye akamwambia kwamba hata punda hula kabla ya kubeba, Wabwire akakasirika kuitwa punda, akatoka na ngazi yake bila kumbusu mtoto wao Nasipwondi. Ndiyo ndoa hiyo. Kutwa Jumatatu Nekoye alikuwa bado amenuna, na usiku alimwekea ugali wake ingawa alijua kazi itamlaza hukohuko.

Jumanne saa tatu kifuniko cha Pap Onditi kikaanguka.

"Kisumu, namba tafadhali."

"Mama," alisema Mbarak, na nyuma yake redio ilikuwa kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea katika duka lile. "Nipe mkubwa wako."

"Kuna nini, Bwana Mbarak?"

"Nipe mkubwa tu, tafadhali."

Akamuunganisha na meza ya Bwana Khaemba iliyokuwa nyuma yake. Sheria ilisema hapo opereta anafunga swichi yake na kuwaacha watu wazungumze. Miaka sita Nekoye alikuwa akiifunga. Siku hiyo hakuifunga, alisikiliza kama mtu yeyote wa Nyakach. Akamsikia Mbarak akisema kwamba wanawake waliokwenda kuchota maji wameikuta baiskeli ya Posta kando ya mto, na ngazi, na viatu, na mkanda wa fundi wenye vyuma vyake vyote. Kwamba jana jioni watu walimwona akiingia majini na waya ameufunga kiunoni. Maji yakamzungusha, yakamshusha, na hakuna aliyemwona akitoka. "Tumetafuta mpaka kwenye matete, Bwana Mkubwa. Hakuna. Inna lillahi. Huyo mke wake mwambie polepole."

Bwana Khaemba alipofika kwenye kiti alimkuta ameishika plagi kwa mikono miwili. Hakuwa na haja ya kumwambia polepole wala haraka.

"Dada," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo kazini. "Inuka nikupeleke nyumbani. Nimepiga simu Posta ya Sondu, wanatuma fundi wao aje kwa upande wa ng'ambo aunge waya. Wewe inuka."

"Siinuki."

"Nekoye."

"Mzee, nikiinuka hapa nimekubali. Mimi sijakubali. Mtu ameonekana akiingia, basi aonekane akitoka. Akiwa amekufa nionyeshwe, na akiwa hai hana njia nyingine ya kuniambia isipokuwa hii." Akaonyesha lile tundu lenye kifuniko cha shaba. "Niache nikae."

Akakaa. Habari haina miguu lakini ilifika Kibuye kabla ya saa sita, na wanawake wa kanisa lake wakaja na leso zao, wakaketi barazani pa Posta wakimngoja ashuke wamzunguke. Wengine walikuwa wameshaanza kuimba chinichini. Nekoye aliwasikia kupitia dirishani na akawachukia kwa wema wao. Huku anaunganisha watu. Mwenye hoteli anataka Nakuru, tafadhali. Mhindi wa sukari anataka kiwanda cha Miwani, asante. Na kila alipobaki bila kazi alikuwa anausikia mdomo wake mwenyewe ukisema punda, punda, punda. Mungu wangu, alijiambia, kati ya maneno yote ya Kiswahili, ya Kibukusu na ya Kiingereza, hilo ndilo nililomuaga nalo mume wangu.

Saa tisa na dakika kumi kifuniko cha Pap Onditi kikaanguka tena.

Alidhani ni Mbarak. Alichomeka akitegemea ile redio, au ukimya wake. Badala yake masikio yakajaa ngurumo aliyoijua kama mlango wa nyumba yake, mashine ya kusaga unga ya Mama Anyango, ya Pap Onditi, ya ng'ambo ya mto! Waya ulikuwa umeungwa. Kuna mtu ameuvusha mto na kuufunga.

Nusura aruke kutoka kitini, halafu akakumbuka. Sondu walikuwa wametuma fundi. Fundi wa Sondu alikuwa na mikono na koleo kama fundi mwingine yeyote.

"Kisumu," alisema. "Nani anapiga?"

Kulikuwa na sauti. Ilikuwa ndogo, mbali, nyuma ya ngurumo, ya mwanamume, na hakulipata hata neno moja. Huyo hakuwa mtu wa simu nne zile. Huyo alikuwa juu ya nguzo fulani na simu ndogo ya mafundi, ile wanayoifunga kwenye waya popote walipo, na sauti yake ilikuwa inaliwa njiani. Nekoye alijua inaliwa na nani. Kengele zilizokuwa zimekufa siku mbili zilikuwa zimelia ghafla, watu walikuwa na njaa ya habari, na kila mmoja alikuwa ameurukia mkonga wake.

"Tafadhali, wote mnaosikiliza, wekeni simu chini," alisema.

Hakuna aliyeweka. Ngurumo iliendelea. Mtoto alilia mahali fulani. Nyuma zaidi watoto walikuwa wanaimba hesabu, mbili mara mbili nne.

"Nimesema wekeni chini! Kuna mtu anazungumza, simsikii!"

Kimya. Na hapo ndipo Nekoye alipowaelewa, na akataka kucheka na kupiga kelele kwa pamoja. Wasingeweka. Mkonga ukiwekwa unalia *kaa*, na kila mtu kwenye laini anausikia, na huo ndio ushahidi kwamba ulikuwa umeinuliwa. Mtu akikaa kimya hajasikiliza. Akiweka chini ameungama. Wote wanne walikuwa wamejificha humo, wamezuia pumzi, kila mmoja akingoja mwenzake aaibike kwanza, na huku mtu yuko juu ya nguzo.

Basi sheria ya kwanza ya Bwana Khaemba ikaanguka sakafuni.

"Mama Anyango!" alifoka. "Mashine yako inanguruma sikioni mwangu, usijifanye hupo. Weka chini!"

"Uwi!" ilitoka sauti ya mama mtu mzima aliyeshikwa. "Nyara, binti yangu, mimi nilikuwa nafagia hapa tu, simu ikaanguka mkononi—"

"Weka chini, Mama, nakuomba. Ni mimi, Nekoye. Huenda huyo ni mume wangu."

*Kaa.* Ngurumo ikakatika, na ile sauti ya mbali ikasogea hatua moja.

"Sista Dorca wa zahanati. Nasikia mtoto anadungwa sindano. Mdunge kwanza, dada, mimi nitakueleza yote kesho."

*Kaa*, bila neno. Dorca alikuwa mtu wa haya.

"Mwalimu Enos. Mbili mara nane ni ngapi?"

"Kumi na sita," alijibu Mwalimu kabla hajajizuia, kisha akakohoa kwa heshima zake zote. "Madam, niliinua nikague kama chombo kimepona. Mali ya serikali lazima ikaguliwe."

"Imepona, Mwalimu. Weka."

*Kaa.*

"Bwana Mbarak, wewe hata redio umeizima ili usikie vizuri."

"Wallahi mimi nilikuwa nakuombea dua," alisema Mbarak, na huenda hiyo ilikuwa kweli. *Kaa.*

Wanne wametoka. Sauti ilikuwa imesogea, alisikia "fu-" na alisikia "-sumu", lakini bado ilikuwa chini ya blanketi. Alihesabu upya vidoleni. Duka, zahanati, shule, mashine. Wote wameondoka, na bado kulikuwa na mtu. Hakuwa na mashine, hakuwa na mtoto, hakuwa na redio. Alikuwa anapumua tu, na pumzi ilikuwa ya mtu mwenye pua iliyoziba kwa mafua ya mvua.

Nekoye aliijua pua hiyo. Alikuwa ameisikia nyuma yake kutwa nzima.

Akageuka na kiti chake. Bwana Khaemba, msimamizi, mlinzi wa sheria, alikuwa ameketi mezani pake amevaa visikilizio vyake, swichi ya ukaguzi imeinuliwa, na machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye kola.

"Na wewe, Mzee," Nekoye alimwambia, kwa upole kuliko alivyowaambia wengine.

Msimamizi akaishusha swichi. Akavua visikilizio, akaviweka juu ya kitabu cha sheria, akatazama ukuta.

"—sumu, Kisumu, Kisumu," ilisema laini ya Pap Onditi, wazi, karibu, na kwa hasira nyingi. "Hapa fundi! Hivi huko mmelala? Nimeng'ang'ania juu ya nguzo bila mkanda, waya ulipopungua nimeungia waya wa ua wa ng'ombe, mikono inakufa ganzi, na Kisumu wanapiga soga!"

Nekoye alijaribu kusema "namba tafadhali" na haikutoka.

"Baba Nasipwondi," alisema mwishowe.

"Ni wewe?" Hasira ikapungua. "Kumbe uko zamu. Sikiliza, mto ulinishusha jana mbali sana, nikatupwa kwa watu fulani juu ya kilima kidogo, wazee wazuri sana, wakanilaza, wakanipa samaki. Waya sikuuachia. Mkanda niliuacha ng'ambo, ule ungenizamisha, simu hii ndogo tu nilijifunga kichwani. Waambie watu wasiniibie viatu."

"Hawajaiba," alisema Nekoye. "Wameviweka. Wamekulilia."

"Wamenililia kwa nini?"

Bwana Khaemba alikuwa ameshatoka mbio, bila koti, na sekunde chache baadaye barazani ule wimbo wa chinichini ulikatika katikati ya ubeti, vikapigwa vigelegele ambavyo hata watu wa Mamboleo, nje ya mji, huenda walivisikia. Nekoye alicheka na kulia, akajifuta kwa mkono wa gauni kama mtoto, na hakuona aibu hata kidogo.

"Nani huyo anapiga vigelegele Posta?" aliuliza Wabwire. "Mmepatwa na nini leo? Na wewe unalia kazini, Mama Nasipwondi, Khaemba atakufuta."

"Jana nilikuita punda."

"Ulisema hata punda hula. Nimefikiria hilo neno usiku mzima, juu ya kilima, na tumbo tupu mpaka hao wazee waliponionea huruma. Ulisema kweli. Kesho nitakunywa huo uji." Akakohoa. "Haya, nataka kushuka. Nipime hii laini kwanza. Nihesabie mpaka kumi, polepole, nisikie kama waya wa ng'ombe unafaa."

Hiyo ilikuwa kazi, na kazi aliijua. Nekoye akakaa wima, akashika plagi vizuri.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu. Nne." Kwenye tano sauti ilianza kutetemeka. Kwenye sita ikapasuka. "Saba," alisema, na hapo ikaisha kabisa. Alifungua mdomo na hakukuwa na kitu, ni pumzi tu na machozi yakidondoka juu ya ubao wa serikali.

"Nane," ilisema ngurumo ya mashine ya unga.

"Nane," alisema Mwalimu Enos, kwa sauti ya darasani, na darasa lake zima likamfuatia.

"Tisa," walisema wote, na Sista Dorca alikuwemo, na yule mtoto wa sindano alikuwa amenyamaza, na Mbarak alikuwa ameiwasha tena redio. "Kumi!"

Sauti ya Wabwire ilirudi kuwa ya mbu. Nekoye alilazimika kuvibana visikilizio kwa mikono yote miwili ili amsikie.

"Laini ina watu wengi mno, Mama Nasipwondi," alikuwa anasema kutoka juu ya nguzo yake. "Sikusikii. Niwafukuze?"

"Waache," alisema Nekoye. "Waache wakae."